Ukurasa wa Tisini na Saba

Papa Bisimwa kaniwekea mezani matatu ya mfano,
bei zimeandikwa kwa penseli mgongoni.
La kwanza, waya wake mwembamba
ulinasa sweta yangu kabla sijalifungua,
ukavuta uzi, ukaanza kunisoma mimi.
La pili jalada gumu, jeusi, la ofisi,
la mtu anayeandika "imepokelewa" na kupiga muhuri.
La tatu la kijani, twiga kwenye jalada, miraba midogo ndani,
miraba ya hesabu.

Nikapitisha kidole ndani ya waya
kama anayejaribu pete asiyokusudia kuivaa.

Madaftari elfu moja mia nne na arobaini:
maboksi thelathini, arobaini na nane kila boksi.
Na ofisi nayo ina yake.
Katibu anataka karatasi itoke bila kuacha alama,
achane barua iliyokosewa, isijulikane ilikosewa.
Mwalimu Nsimire anataka kinyume:
"Karatasi inayotoka upesi ni mali ya muuza karanga.
Jumatatu imla, Jumatano ndege,
Ijumaa imeviringishwa, ina karanga na chumvi.
Nipe waya wenye wivu."

Nikaandika: shule, waya wenye wivu.
Ofisi, waya usio na kumbukumbu.

Usiku umeme ulikatika, kama desturi yake,
mvua ikashuka Kadutu na udongo mwekundu mdomoni.
Nikawasha tochi ya simu, nikalihesabu lile la twiga.
Limeandikwa kurasa mia.
Nikahesabu kwa kidole gumba chenye mate:
tisini na sita.
Nikarudia kutoka nyuma, labda njia ya kurudi ni ndefu zaidi.
Tisini na sita.

Nne si kitu. Nne ni kikohozi.
Lakini nne mara elfu moja mia nne na arobaini
ni elfu tano mia saba na sitini,
na hizo, ukizigawa kwa tisini na sita,
ni madaftari sitini.

Nikazima tochi.
Sitini ni darasa zima la Nsimire, la tatu B,
wanne wanne kila benchi,
mikono mitupu juu ya meza,
wananitazama gizani.

Asubuhi Bisimwa hakukasirika.
"Mama, hesabu vizuri. Jalada la mbele, nje na ndani.
La nyuma, nje na ndani. Si nne hizo?
Mimi sijamwibia mtu."
Nikasema: "Basi nionyeshe mtoto ataandika wapi tarehe,
kwenye shingo ya huyu twiga?"
Kijana wake wa dukani alicheka,
kisha akakohoa ili kicheko kionekane kikohozi.

Tulibishana hadi chai ikapoa.
Akaongeza ishirini. Nikasimama.
Akaongeza thelathini na tano, na wabebaji wa bandarini juu yake.
Yale ishirini na tano yaliyobaki katikati yetu hayana mwenyewe.
Nayaandika hapa
kwa sababu fakturi haikuwa na mstari wa kuyaandikia.

Boti ilifika Alhamisi. Maboksi mawili yalilowa pembe.
Nimejifunza hivi: ukiyapanga yote waya upande mmoja,
rundo linainama, linamwagika kama mlevi kwenye mteremko.
Geuza. Moja kushoto, moja kulia,
kila moja limpe jirani nafasi ya mgongo wake.
Hata hapa mjini, palipo na nyumba juu ya nyumba,
nimeona kuta zinazosimama kwa namna hiyo tu.

Akonkwa wa tatu B anaandika kwa mkono wa kushoto.
Waya ulimkaa chini ya kiganja, ukamchora matao mekundu.
Hakuuliza mtu. Alipindua daftari, nyuma ikawa mbele,
na jina lake akaliandika, polepole, ulimi nje,
ndani ya jalada, kwenye ule weupe
nilioukataa dukani kwa sauti kubwa.