Nyeupe Haipakwi

Kazi yangu ni kuyazuia maji.
Nyuzi kumi na nane, kipimo cha unyevu ukutani,
glavu zangu kavu kama mkate wa juzi,
nami nalinda karatasi
ambazo zote, Zilpha, zilizaliwa majini.

Leo nimevuta droo ya saba nikakukuta:
Washington, Novemba 1909,
tufaha zima, na kando yake nusu.

Barua ya mwenye tunda ingali nyuma, kwa pini yenye kutu.
Harlan Pettibone, mkulima, milima ya Virginia, kwa penseli:
*Mti umebaki mmoja. Sisi huliita Subira,
maana ukilichuma leo ni jiwe, huwa tunda Machi.*
Akalifunga kwa gazeti, akalitia posta,
akaomba wakubwa wamwambie ana nini mkononi.

Kamera zilikuwapo, ila kamera za siku zile
zilijua umbo, hazikujua haya ya shavu.
Ndipo serikali ikawaajiri ninyi, wanawake sita madirishani,
kila mmoja na tunda lake na bilauri mbili:
ya maji safi, na ya maji yaliyokwisha kusikia mengi.

Kisahani chako nakijua.
Gundi ya mgunga, kutoka Kordofani kwa ngamia na meli.
Asali, rangi isipasuke.
Wekundu wa wadudu waliosagwa, walaji wa mpungate wa Meksiko.
Tone la nyongo ya ng'ombe, karatasi isigome kunywa.
Walioshika brashi kabla yako
walikuwa watawa wa kupamba herufi,
maafisa waliochora ngome asubuhi ili mizinga izijue mchana,
mabinti wa sebuleni waliofundishwa maua ili waposwe.
Wewe ulipaka kwa mshahara,
na mshahara, naona katika daftari, ulichelewa.

Njano kwanza, nyepesi kama chai ya mgeni wa ghafla.
Kungoja.
Kisha wekundu, ukauachia uteremke wenyewe
hadi ulipochoka.
Kungoja tena.
Rangi ya mafuta husamehe: unakwangua, unafunika, unaanza upya.
Hii hapana. Maji yakimwagika hayazoleki,
nawe uliyamwaga kusudi, kila siku ya kazi,
kuanzia saa tatu asubuhi.

Ulipolikata ukamkuta mdudu.
Bwana Lathrop akaandika pembeni, kwa wino: *Ondoa.*
Hukuondoa. Njia yake ipo, ya kahawia,
imepinda pale alipofika kwenye kokwa akabadili nia.
Chini yake, kwa mkono wako: *Ndivyo lilivyofika.*
Na chini zaidi, kwa herufi za siri:
*Upande mzima nimeula. Kweli, jiwe.*

Mti wa Pettibone sijui uliko.
Wapo watu hupiga simu kuulizia Subira;
nawatumia nakala, wanapanda nayo milima,
wanarudi na kupe miguuni na nakala iliyokunjika.

Mimi nimebaki na kioo cha kukuzia,
na ule mng'ao begani mwa tufaha.
Si rangi. Wenye ufundi huu husema
nyeupe haipakwi, huachwa.
Uliizunguka karatasi tupu kwa ncha ya nywele za kicheche,
ukaiacha kavu miaka yote hii,
kijipande cha mraba chenye msalaba ndani.

Dirisha.

Jengo lile lilibomolewa kabla sijazaliwa,
mahali pake magari hulala kwa kulipia.
Lakini dirisha lipo, vioo vinne, mwanga wa saa nne hivi,
na katika kioo cha chini doa la kijivu
lisilo la tufaha:
kichwa kilichoinama,
au tone lililokuponyoka.

Nimefunga droo polepole.
Nje mvua imeanza,
na paa letu si la kuaminiwa.