Baba Chapati

Siku mbili walinilipa. Ya tatu wakasema bajeti imekauka.
Kazi yangu: kumfundisha Atim kuwa mimi.

Nilikuwa nimekwenda kuomba nafasi hiyo hiyo,
na gauni la kitenge aliloniazima Naigaga.
Nikasimama mbele ya kamera pale Walukuba
nikamzika baba kwa mikono miwili, bila haraka.
Isabirye, mwongozaji, akaandika kwenye karatasi:
*Uso unao. Ila nikisema "anza" utasikiaje?*
Nikaandika chini yake: *Inua mkono.*
Akatabasamu, akaikunja, akaitia mfukoni.
Kisha akainua mkono
kumwita muuza chai aliyekuwa ng'ambo ya barabara,
na muuza chai akaja.

Basi nikamfundisha Atim.
Si mtu mbaya. Alileta miwa ya Kakira,
akauliza jina langu la ishara:
vidole viwili shavuni, hapa penye kovu.
Lakini mikono yake ilikuwa na pupa ya mtu anayefuta meza.
Nikamwambia, kufa hakuharakishwi.
Kiganja kinageuka kama mtu anayejilaza mwenyewe.
Ukikigeuza chap, umegeuza chapati.
Akaitikia kwa kichwa.
Wanaosikia huitikia sana kwa kichwa.

Ya tatu sikuwepo.

Usiku wa kuonyesha, ukumbi ulifurika.
Sisi viziwi kumi na mmoja tukapewa safu ya nyuma,
ubavuni mwa jenereta,
maana, walisema, haitatusumbua.
Tuliisikia kwa nyayo filamu nzima.

Jeneza likaletwa. Mjomba akatikisa kidole.
Waiswa, ambaye sikio lake la kushoto bado linaokota okota,
akatufasiria: *sikio la kufa halisikii dawa.*
Langu halifi. Wala halijaomba dawa.
Kisha Atim akapiga magoti,
machozi ya kweli, kamera imemsogelea,
akainua mikono:

BABA CHAPATI.

Alianza Tenywa. Naigaga akajiziba mdomo, akashindwa.
Safu nzima ikapasuka kwa sauti
ambazo sisi wenyewe hatujui zikoje.
Nyuso mia mbili zikageuka
kutazama watu wanaocheka msibani.
Mama mmoja akaweka kidole mdomoni.
Ishara hiyo aliijua.

Mwishoni binti akapona.
Akasikia jogoo, akasikia mvua, akasikia jina lake,
na watu wakasimama wakapiga makofi,
mikono mia nne yote ikisema neno moja.
Majina yakapanda kwenye kitambaa.
Muuza chai alikuwemo.

Nje, chini ya taa ya kibanda cha roleksi,
Naigaga akanigusa bega: tuonyeshe.
Nikakataa. Tenywa akanishikia mkoba.
Nikamzika baba tena, pale pale, kati ya trei za mayai,
kiganja kikageuka, kikageuka,
kikalala.

Yule kijana wa roleksi hajui hata ishara moja yetu.
Chapati yake iliungua.
Tukamlipa.