Fundi wa Magurudumu Aulizwa

Waliniamsha usiku, Gadieli na wakwe zake,
matope ya mfereji hayajawakauka magotini.
"Wewe ndiwe fundi wa magurudumu hapa Tel-Abibu.
Yule kuhani ameona kiti cha enzi katikati ya moto,
na chini yake gurudumu ndani ya gurudumu.
Tuambie maana."

Nikacheka kwanza. Nikawajibu la ufundi:
gurudumu lililopenya gurudumu halibiringiki.
Ekseli zitapigana, mbao itapasuka,
na mwenye gari atakuja kunidai fedha yake.

Wakaondoka wakinung'unika. Usingizi nao ukaondoka.

Kwa taa ya mafuta ya ufuta
nikalichora kwenye vumbi la karakana,
nikalifuta, nikalichora.
Gari langu likitaka kurudi sharti ligeuke:
punda avutwe hatamu, mgongo uelekee lilikokuwa likienda.
Hili la kuhani halina mgongo.
Linakwenda pande nne pasipo kugeuka.
Basi aliyeketi juu yake
hajawahi kumgeuzia mtu kisogo.

Nilikaa chini.

Miaka mitano nimesema ametugeuzia kisogo.
Tulipotolewa Yerusalemu kwa kamba nilitazama nyuma
hata shingo ikakakamaa,
nikidhani enzi yake ni jiwe, imebaki kule mlimani
kama nyumba yangu, kama kaburi la Yerusha wangu.
Kumbe kiti kina magurudumu.
Kumbe kilikuwa njiani, nyuma ya msafara,
kikila vumbi letu.

Hapo ningelala kwa furaha.

Lakini kuhani alisema pia: kingo zake zimejaa macho.
Si juu kwenye kiti, penye johari ya samawati,
bali chini, kwenye ukingo unaokanyaga tope.
Hukumu, basi, haichungulii kutoka darini.
Inapita barabarani, jiwe kwa jiwe.
Imeiona ile spoki ya mti uliooza
niliyoipaka lami nikamuuzia mjane Abitali
kwa bei ya mti mzima;
gari lake likaanguka mferejini
na shayiri yote ya mwaka.

Kesho Gadieli atarudi kutaka maana.
Nitamwambia mimi si mfasiri,
kuna gurudumu moja nadaiwa.
Mti nimeshaukata. Nimeugonga kwa nyundo, nikatega sikio:
unalia vizuri,
hauna ufa.