Umma: Hakuna

Sheria yasema mlango uwe wazi,
na tangazo libandikwe siku saba kabla.
Tulilibandika. Kwa ndani,
nyuma ya mlango wenye kufuli,
likasomwa na mjusi.

Miaka sita naandika kumbukumbu
za Bodi ya Maji, hapa Tororo.
Akidi: imetimia. Sala: imeombwa.
Umma: hakuna.
Mkono umezoea; huandika *hakuna*
kabla jicho halijatazama.

Leo kaingia Nyadoi wa Agururu,
viatu mkononi kwa sababu ya matope,
bili za miezi minne kazifunga kwenye ncha ya leso.
"Ni hapa?"
Mwenyekiti akanitazama mimi,
kana kwamba mlango niliutoboa mimi.

Kiti cha umma hakikuwapo.
Nikashusha mafaili, nikampa cha mafaili.

Hakusema neno. Sheria imempa masikio tu.
Lakini ajenda ya nne, ile ya mabomba,
ambayo hupita huku tukifungua soda,
leo ilikwama kooni.
"Bei hii," akauliza Mhandisi Owori,
"hivi nani aliipitisha?"
Watu wazima sita wakaanza kutafuta miwani.

Kimya. Nikaisikia kalamu yangu
ikikwaruza karatasi.

Saa saba akaondoka. Maji bado hana.
Nyayo zake zimekaukia sakafuni,
toka mlangoni hadi kitini, na kurudi.
Nimemwambia mfagiaji asubiri kidogo,
asizifute
mpaka nimalize kuandika:

Umma: mmoja.