Arubaini na Moja

Nimekuja Amu na daftari, kamba ya kupimia kifua,
na rangi ya kuandikia namba kwatoni.
Sikuja na sindano. Kazi yangu ni macho.

Mwezi wa kwanza niliuliza nyuma.
Punda ishirini wa Langoni waliosokotwa na tumbo,
na kwa kila mmoja, wawili wazima wa mtaa uleule.
"Wiki ile alikula nini?"
Kupi, aliyemzika jike lake Wiyoni,
alikumbuka hata rangi ya mfuko:
buluu, wa mkate, pembe moja imetafunwa.
Famau, ambaye punda wake bado anapiga ukuta mateke,
alijikuna kidevu. "Majani. Kwani punda hula nini?"
Hapo nikajua: msiba una kumbukumbu,
uzima ni msahaulifu.

Basi nikageuza safari.
Punda mia na ishirini, wote wazima,
niwafuate mbele, kiangazi na masika,
wa mchanga, wa matofali, wa mitungi ya gesi,
nijue nani alikula nini
kabla hajawa na mtu wa kumlilia.

Hata hivyo mambo hayatengani.
Wanaochakura jalalani ndio wanaobeba saruji,
ndio wa watu wasio na pesa ya pumba.
Plastiki ndiyo iuayo, au mzigo, au ufukara?
Vimesukwa kama ukili:
vuta mwaa mmoja, mkeka mzima unakuja.

Jumanne, nyuma ya soko, mvua imeanua.
Arubaini na moja, yule wa sikio lililokatika,
ana mfuko kinywani, nusu ndani, nusu nje.
Kanuni niliiandika mwenyewe: tazama, usiguse.
Ukigusa, utakachokiona si punda tena, ni wewe.
Nikatazama saa. Nikaiandika.
Kisha nikaweka daftari juu ya beseni la dagaa la watu
nikauvuta mfuko, polepole,
kama atoaye mwiba wa mtoto aliyelala.
Mate yakanifika kiwikoni.

Bi Zeituni wa mahamri akacheka kibandani:
"Daktari! Leo wahesabu kwa mkono?"

Usiku nikapiga mstari juu ya namba yake.
Pembeni, panapotakiwa sababu, nikaandika:
*Ameondolewa. Mkono wa mtafiti.*
Wamebaki mia na kumi na tisa.

Uchochoroni punda akalia.
Sikutoka kutazama ni yupi.