Mabati ya Fermín Apaza

Mimi sikumpa kura. Andikeni hilo kwanza.
Nilimpa Nicanor, binamu yangu, akashindwa kwa kura tisa,
na siku Fermín alipokabidhiwa fimbo yenye pete za fedha
nilibaki nyumbani nikimenya viazi.

Kwa hiyo leo nikisimama katika ukumbi huu wa shule,
pumzi zetu zikifuka kama mabirika,
msiseme nimenunuliwa.
Nani aninunue, na kwa bei gani? Mnanijua.

Mnasema pesa za mabomba zimeliwa.
Mnasema mfereji umekauka mwezi wa pili huu
na nyumba ya Fermín imeezekwa mabati mapya.
Yote mawili ni kweli, nimeyaona.
Lakini kati ya mfereji na mabati
mmejenga daraja, na ninauliza:
nani amepita juu yake akarudi na tope viatuni?
Mwenyewe anasema mabati ni jasho la bintiye,
anayeshona nguo Buenos Aires.
Na hilo pia sijaliona.

Nilimuuliza Saturnina. Alisikia kwa muuza mafuta ya taa.
Muuza mafuta ya taa alisikia kwa dereva wa lori la Oruro.
Dereva hajui hata mlango wa Fermín umeelekea wapi;
yeye alipewa na mke wa fundi viatu.
Naye mke wa fundi viatu, sindano mdomoni,
bila hata kuinua macho:
"Si wewe, Eusebia? Jumapili ile, sokoni,
ulisema mabati ya Fermín yanang'aa kuliko maji yetu."

Nilisema.

Ulikuwa mzaha. Nilikuwa na gunia la chumvi mgongoni,
jua limenibabua, watu wakacheka,
nikaona raha kuwachekesha.
Sikujua mzaha nao hupata miguu.
Ulidandia lori, ukalala Oruro, ukarudi mtu mzima,
una ndevu, una hesabu: boliviano elfu arobaini,
una hadi jina la benki.
Na mimi niliyeuzaa nikaupokea kama mgeni wa heshima,
nikautandikia, nikauamini.

Basi msiniambie lisemwalo lipo.
Hili lilisemwa, na lilikuwapo mahali pamoja tu:
hapa, kati ya meno yangu.

Yule pale nyuma, karibu na dirisha lililopasuka,
kofia magotini, haongei.
Mwaka mgodi ulipofungwa, ni yeye
aliyelala barabarani siku kumi na moja, theluji ikimfunika,
mpaka wajane wakalipwa.
Mama yangu alikuwa mmoja wao.
Sisemi haya ili mmsamehe. Wema wa jana si risiti ya leo.
Aliyelala barabarani jana anaweza kuiba kesho;
nimeishi vya kutosha kulijua hilo.
Ila hata sufu hatuinunui kwa kukisia.
Tunaitundika kwenye mizani, muuzaji anatazama, mnunuzi anatazama.
Je, jina la mtu ni jepesi kuliko sufu?

Nani huyo anasema tupige kura sasa hivi, yaishe?
Wewe, Nicanor?
Kaa chini, ndugu yangu.
Mikono mia moja ikiinuka hewani
haiwezi kugeuza tetesi kuwa karatasi.

Daftari liletwe. Lisomwe kwa sauti, mstari kwa mstari,
mabomba, misumari, nauli, hata mkate wa mafundi,
hata kama tutakesha, hata mvua ya mawe ikitukuta humu.
Ikipungua boliviano moja isiyo na maelezo,
nitaipokea ile fimbo mimi mwenyewe kutoka mikononi mwake,
na sitashangilia, ingawa sikumpa kura.
Isipopungua,
basi nitafutieni adhabu yangu. Nitaitika.

Mwalimu Leucadia,
ufunguo wa kabati uko wapi?