Madirisha Kumi na Manne

Basi halina tairi. Limekaa juu ya mawe
huku Mkonze, uso umeelekea barabara ya Singida
kama ng'ombe aliyefungwa akitazama malisho.
Mwenye kampuni alipofilisika alinilipa bodi:
mishahara ya miezi kumi na mmoja, madirisha kumi na manne.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," alinionya shemeji, Ezeria.
Nikamwambia, ukuta wa nini, shemeji?
Mimi nimepewa ufa mtupu, wenye vioo.

Vumbi ndilo lilitangulia kuhamia.
Agosti nzima tulikula ugali wa uwele kwa udongo mwekundu.
Foibe akapiga chafya, akakung'uta shuka, akasema:
hili basi bado linasafiri.

Raba zilikuwa zimekauka kama utumbo ulioanikwa.
Nilizing'oa kwa bisibisi na kisu cha jikoni,
zote, isipokuwa moja.
Nikakwangua gundi, na gundi chini ya gundi,
lami ya dereva, sabuni ya kipande aliyoisindilia sijui nani,
na bablishi. Hiyo yangu.
Mwaka ule, Farkwa, mvua inatuchapa,
abiria wa siti ya tisa ananitukana,
nilitafuna, nikabandika.
Ilishika mpaka Chemba.

Nimekata tiketi humu miaka kumi na tisa.
La tatu kushoto ni la mwanamke wa Kwa Mtoro
aliyempitisha mwanawe dirishani,
kisha akaja mlangoni na nauli pungufu.
Nilimwingiza. Hadi leo sijui
kama ni huruma, au ni kwa kuwa mtoto alishakuwa ndani.

La mwisho nyuma, kulia,
alikaa baba, safari ya hospitali,
paji la uso kiooni.
Nilimkatia tiketi kama mtu yeyote.
Mkaguzi alikuwemo.

Silikoni elfu nane mrija, pale Majengo. Niliweza miwili.
Kwingine nikapachika tyubu ya baiskeli,
nikaikata vipande vyembamba kama mlenda wa kukausha.
Kisha kupima. Oktoba, dumu la maji shilingi mia tano,
Foibe nje na kopo, mimi ndani na tochi,
chini beseni, ili maji ya dirisha la kwanza
yakalijaribu la pili, na ya la pili, la tatu,
hadi dumu moja lilizunguka basi zima
likawa rangi ya chai ya maziwa.
Mbeleje, jirani, akasimama na ndoo kichwani:
"Mnaliogesha?"
"Tunalidanganya," akasema Foibe. "Lidhani ni kifuku."

Likadhani. Likavuja.
Pembe ileile ya chini, kila dirisha.
Nikaziba nje, likavuja. Nikaziba ndani,
likavuja kwa adabu, polepole,
kama mtu anayesubiri umalize kusema.

Ndipo Foibe akachomoa pini ya kitenge chake,
akachokonoa chini ya fremu
kijitundu kidogo kuliko punje ya mtama,
nilichokionea aibu nikakipaka silikoni.
Yakatoka maganda ya alizeti, mbegu za zabibu,
ubawa wa kumbikumbi,
kipande cha tiketi chenye mwandiko wangu,
na vumbi la Kondoa, limeshakuwa jiwe.
Halafu maji. Yote. Nje.
"Uliyafungia mlango wake," akasema,
"yakatumia wetu."

Matundu ishirini na manane, pini moja.
Imepinda sasa, haifungi kitenge tena,
naye ananikumbusha kila asubuhi.

Lile la nyuma, kulia, sijaligusa.
Raba yake ni ileile, kioo kina alama ya mafuta
ambayo huenda ni ya mtu yeyote.
Foibe ameona. Haulizi.
Ameweka tambara pale, limekunjwa vizuri,
na mawingu bado yako mbali, upande wa Mpwapwa.